Kitambulisho cha Taifa kwa Mwenye Makao Mawili

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mombasa)



Halmashauri iliponitaka niseme neno katika mkutano huu, nilidhani nitaombwa kusema juu ya karo za shule au juu ya mazishi, maana hayo ndiyo mambo mawili yalayo fedha za chama chetu kila mwaka. Lakini Bwana Katibu alinionyesha faili moja nene, na ndani yake mlikuwa na barua za wanachama waombao msaada kwa sababu vijana wao, na wengine mama zao wazee, hawajapata kitambulisho cha taifa. Nilizisoma zote kwa muda wa siku mbili. Zimeandikwa na watu mbalimbali ambao wengine hawajuani, lakini karibu zote zina shina moja: mwombaji ana makao mawili, na hakuna hata moja katika makao hayo lililokubali kumwita wake.

Sisi watu wa Taita tuishio Mombasa twajijua tulivyo. Siku za kazi tuko Changamwe, Mikindani, Magongo au Kisauni. Mwisho wa mwezi tumo garini kwenda Voi, mwendo wa kilomita 150 hivi, na kutoka Voi twafuata njia ya Mwatate na kupanda hata Wundanyi. Mahindi yetu yako huko, makaburi ya wazee wetu yako huko, na mishahara yetu iko huku. Mtu akituuliza, "Wakaa wapi?" twamtazama kwanza tujue ni nani aulizaye, ndipo tumjibu. Jambo hili si aibu wala si ujanja, ni maisha yetu, na chama hiki kiliundwa kwa sababu ya maisha hayo. Walakini fomu ya serikali haina nafasi ya majibu mawili.

Nitawapa mfano mmoja kutoka katika faili ile, bila kutaja jina la mtu wala la ofisi. Kijana alizaliwa hospitalini hapa Mombasa, akasoma shule ya msingi hapa hapa, kisha akapelekwa kwa babu yake akamaliza shule ya sekondari huko milimani. Alipotimiza miaka 18 alikwenda kuomba kitambulisho mtaani kwao. Akaambiwa, "Jina lako si la hapa, nenda kwenu ukaandikishwe." Akapanda gari. Huko kwao alimkuta mzee wa kijiji mpya ambaye hakumjua, na babu alikuwa amekwisha kufariki. Akaambiwa, "Wewe umekulia Mombasa, rudi waliko wazazi wako." Alikwenda na kurudi mara tatu, na kila safari ilikuwa na nauli yake. Katika miezi hiyo alipata kazi ya kuhesabu mizigo, kazi safi kwa kijana wa umri wake, nayo ikampita kwa kuwa mwajiri hakuweza kumwandika mtu asiye na namba. Hakuweza kufungua akaunti ya benki. Hata laini ya simu aliyokuwa akitumia ilikuwa kwa jina la mamake, na fedha alizotumiwa zilipitia kwa mamake, mtu mzima mwenye ndevu.

Wazee wangu, wengi wenu bado mwaiita kadi hii "kipande". Vijana hucheka wakisikia neno hilo, lakini mimi nasema neno hilo lina kumbukumbu ndani yake, na yafaa tuikumbuke ili tuelewe kwa nini mambo yako hivi.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ila kwa sababu ya vita vya Wajerumani haikuanza kutumika mpaka vita vilipokwisha, yapata 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake na alama za vidole vyake, na humo mwajiri aliandika siku aliyomwajiri, mshahara wake, na siku aliyomwachisha. Cheti kiliwekwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Kusudi lake lilikuwa kujua mtu yuko wapi akiwa nje ya kwao, na akitoroka kazi aweze kurudishwa. Mtu aliyekaa kijijini siku zote, asiyetoka, kikopo kile kilimhusu kidogo. Kilitengenezwa kwa ajili ya mwanamume aliye na shamba mahali pamoja na kazi mahali pengine, yaani kwa ajili ya baba zetu waliofanya kazi bandarini na relini. Harry Thuku alipoinuka mwaka 1921 kuyasema malalamiko ya Waafrika, kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko hayo, naye akakamatwa mwezi wa Machi 1922. Ilipofika 1947 ndipo ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa makabila na rangi zote. Sheria hiyo, baada ya marekebisho mengi, ndiyo iliyobaki katika vitabu vyetu kama Sura ya 107.

Tazameni pia jambo la akina mama. Mpaka mwaka 1978 sheria haikuwaandikisha wanawake. Ilirekebishwa mwaka huo ili waandikishwe wanaume na wanawake pia, na mwaka 1980 umri ukapandishwa kutoka miaka 16 hadi 18. Kwa hiyo mama aliyeolewa mwaka 1960, akazaa, akalima, akazika, aliishi karibu miaka 15 akiwa raia wa nchi pasipo karatasi yoyote ya kuonyesha hivyo. Wengine hawakujali kuiomba baadaye, kwa kuwa mume alikuwa nayo na ilitosha. Mume anapofariki ndipo shida huanza: shamba limo katika jina la marehemu, malipo ya uzeeni yako Mombasa, na mjane hana namba. Katika barua za faili ile, hizo za wajane ndizo zilizonisumbua usingizi kuliko za vijana. Kijana ana wakati wa kungoja. Mjane wa miaka 80 hana.

Nasema habari hizi za kale kwa sababu moja. Kikopo cha shingoni kilikwisha, lakini fikira iliyokileta haikuisha mara moja pamoja nacho. Fikira hiyo ni kwamba kila Mwafrika ana mahali pamoja pa asili, na akiwa mjini ni mgeni tu aliyekuja kufanya kazi. Kadi zilizoanza kutolewa mwaka 1995, ambazo wengi wetu bado tunazo mifukoni, zimeandikwa upande wa nyuma wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo, na desturi imekuwa kuandika hapo nyumbani kwa baba, hata kama mwenye kadi hajalala huko usiku mmoja. Desturi hiyo ndiyo imsemeshayo karani, "Nenda kwenu." Yeye hakuibuni, aliikuta mezani.

Sasa tuitazame sheria yenyewe, maana desturi na sheria si kitu kimoja.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 12, yasema kwamba raia ana haki ya kupata pasipoti na hati yoyote ya kuandikishwa au ya kujitambulisha ambayo Serikali huwapa raia. Haikusema "raia akaaye kwao". Kifungu cha 14 chasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa babake au mamake alikuwa raia, awe alizaliwa Kenya au nje. Angalieni hapo: babake au mamake, mmoja wao yatosha. Nacho kifungu cha 39 chasema kwamba raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote katika Kenya. Na Sura ya 107, katika orodha ya mambo yanayoandikwa mtu anaposajiliwa, yataja mahali alipozaliwa, na tena yataja mahali akaapo. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na sheria iliyatenga kwa makusudi. Kama makao yangekuwa ni asili tu, neno moja lingetosha.

Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba sheria yamlazimu mtoto wa Mikindani aende akaandikishwe Wundanyi kwa sababu babu yake alizikwa huko, mwambieni kwa adabu kwamba ameisoma desturi akadhani ni sheria. Vivyo hivyo, mtoto aliyekulia Wundanyi na kuja Mombasa jana hawezi kusema kwamba Katiba imemfanya mkaazi wa Mombasa kwa kushuka garini. Makao ni jambo la kweli linaloweza kuonyeshwa.

Serikali yenyewe ilijaribu kulimaliza swali hili la makao kwa njia ya mitambo. Katika marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, yale yaliyoleta mpango wa Huduma Namba, ilitakiwa mtu aandikwe pamoja na nukta ya satelaiti ya mahali nyumba yake ilipo, yaani kuratibu za ardhi zinazoonyesha mlango wake ulipo juu ya uso wa dunia. Nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza sisi tungetoa nukta gani: ya chumba cha kupanga cha Changamwe, ambacho mwenye nyumba aweza kutuhamisha mwezi ujao, au ya nyumba ya mabati huko milimani tunayoifungua mara moja kwa mwezi? Jambo hilo lilipelekwa mahakamani, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu, Nairobi, iliamua kwamba kuchukua chembe za urithi za damu na nukta hizo za makao kulikwenda kinyume cha Katiba. Basi nukta zikatoka, na swali likabaki kujibiwa na watu wenye macho na kumbukumbu, yaani chifu, naibu wake, mzee wa mtaa, na majirani.

Yafaa tuwe waadilifu katika jambo hili. Chifu wa mjini ana watu wengi mno, na wapangaji huhama kila mwaka. Akitia sahihi kwamba amjua mtu asiyemjua, kisha mtu huyo awe si raia, yeye ndiye atakayeulizwa. Na sisi watu wa Taita Taveta twajua kuliko wengi kwa nini serikali huuliza maswali, kwa kuwa kwetu Taveta mpaka wa Tanzania uko mlangoni, na jamaa moja yaweza kuwa na shamba upande huu na shangazi upande ule. Kwa miaka mingi waombaji wa mikoa ya mpakani, na wa jamii fulani hata huku mjini, walipelekwa mbele ya kamati za kuwachunguza, na wengine walingoja mpaka wakachoka. Februari 2025 Rais alitia sahihi tangazo la kuuondoa uchunguzi huo wa pekee. Nimelisifu tangazo hilo, lakini tangazo la Nairobi huchukua muda kufika kwenye meza ya mwisho ya kijiji, na mtu asiende na tangazo mkononi akaacha vyeti nyumbani. Wengine walio karibu nasi waliteseka zaidi: Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa katika mashamba ya mkonge tangu miaka ya 1930, walikaa katika nchi hii bila uraia mpaka walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 kumwona Rais, ndipo wakapewa vitambulisho. Sisi hatujafikia huko, na tusijilinganishe nao kwa maneno makubwa. Hakuna asemaye kwamba watoto wetu si Wakenya. Wanachoambiwa ni kwamba ni Wakenya wa mahali pengine.

Basi mwenye makao mawili afanyeje?

Neno langu la kwanza ni kwamba achague mahali pamoja kabla ya kutoka nyumbani, na ashike hapo hapo mpaka kadi itoke. Njia mbili zilimshinda fisi. Mtu aanzaye Mombasa, akikasirika ahamie Wundanyi, kisha arudi Mombasa, huacha nyuma yake fomu mbili zisizolingana, na zisipolingana karani hushuku. Achague wapi? Wazee wengine watasema nyumbani, kwa ajili ya heshima ya ukoo. Mimi sikubaliani nao. Naona achague mahali penye mambo mawili: mtu wa serikali au mzee wa mtaa amjuaye kwa sura, na nafasi ya yeye mwenyewe kuwapo siku kadi itakapofika. Kijana aliyesoma hapa, ambaye wazazi wako hapa, na mzee wa mtaa humwona kila siku akichota maji, aombe hapa. Mwanafunzi wa shule ya bweni ya milimani ambaye bado ana mwaka mzima huko, na bibi yake yu hai, na naibu wa chifu alisoma na babake, aombe huko. Heshima ya ukoo haitapungua kwa sababu ya maneno ya nyuma ya kadi.

La pili ni vyeti, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo safari nyingi huharibika. Cheti cha kuzaliwa ndicho mama wa vyeti vyote. Aliyezaliwa hospitalini kwa kawaida ana karatasi ya hospitali inayoweza kufuatiliwa. Aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga mara nyingi hana, na sheria huhesabu kwamba uzazi usioandikishwa katika miezi sita umechelewa, nao huhitaji ushahidi zaidi. Mzazi mwenye mtoto wa miaka kumi asiye na cheti asingoje miaka minane mingine. Aanze sasa, wakati mkunga yu hai na chifu aliyekuwapo bado anakumbukwa. Pamoja na cheti hicho zichukuliwe nakala za vitambulisho vya wazazi, au cha mzazi mmoja kama mwingine hayupo, na cheti cha kumaliza shule.

Kisha majina. Enyi wazazi, nawasihi mtazame majina. Katika faili nimeona mtoto mmoja mwenye majina matatu katika karatasi tatu: hospitalini aliandikwa jina la nyanya yake, shuleni jina la ubatizo na la baba, na katika kadi ya zahanati jina lile lile la baba kwa herufi nyingine, kwa kuwa nesi hakuwa Mtaita akaliandika jinsi alivyolisikia. Kwa karani huyo ni watu watatu. Marekebisho ya jina hufanywa kwa kiapo na kwa kufuata ofisi iliyokosea, na ni kazi ya miezi, si ya asubuhi ya siku ya kuandikishwa.

Ukishapigwa picha na kuwekwa alama za vidole vyote, utapewa kijikaratasi cha kungojea. Kijikaratasi hicho si kitambulisho, ingawa kitakusaidia kuonyesha kwamba umeomba. Kitunze. Na hapa mwenye makao mawili ana adui mwingine ambaye ni yeye mwenyewe. Huomba kitambulisho Disemba akiwa nyumbani kwa sikukuu, halafu Januari hurudi mjini, kadi ikafika Machi, ikakaa sandukuni. Naye huku mjini hulalamika kwamba serikali imemnyima. Kadi huchukuliwa na mwenyewe pale pale alipoiombea, kwa hiyo ahesabu nauli ya kurudi tangu siku ya kwanza. Nambari ya simu aiandikayo kwenye fomu iwe ya mtu asiyebadilisha laini kila mara.

Juu ya ada sitataja kiasi, kwa kuwa katika miaka hii michache imebadilishwa zaidi ya mara moja, na hotuba hii itasomwa kijitabuni baada ya leo. Soma tangazo lililobandikwa ofisini, lipa kilichoandikwa hapo, uchukue stakabadhi. Kinachoombwa bila stakabadhi hakimo katika sheria, hata kikiitwa chai. Na wanachama wenye kadi za zamani wajue kwamba kadi mpya iitwayo Maisha ina muda wa miaka 10, si ya maisha licha ya jina lake.

Kuna mambo matatu nayakataza kabisa, na naomba Bwana Katibu ayaandike kwa wino mzito. La kwanza, mtu asiombe kadi ya pili mahali pa pili kwa kudhani kwamba ya kwanza imepotelea njiani. Vidole ni vile vile, na mtambo utamtambua, na kutoa habari za uongo ni kosa la jinai. Iliyopotea huripotiwa polisi, kisha huombewa nyingine kwa namba ile ile. La pili, mtu asiongeze umri wa mtoto ili apate kazi mapema. Mwaka huo wa uongo utamfuata mpaka siku ya kustaafu. La tatu lawahusu wa Taveta walio na jamaa upande wa pili: Katiba yetu humruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine, lakini sheria ya Tanzania hairuhusu hivyo kwa mtu mzima. Mwenye biashara Moshi na nyumba Taveta asichukue kitambulisho cha uraia cha pande zote mbili. Akikaa kule kwa kibali, Tanzania ina kadi ya mkaazi asiye raia, nayo yatosha.

Wengi wameniuliza juu ya kura. Jambo hili ni rahisi kuliko wanavyodhani. Mahali palipoandikwa kwenye kitambulisho hapamfungi mtu kupiga kura hapo. Huandikishwa kituo kimoja, cha mjini au cha nyumbani, na akihama aweza kuomba kuhamishwa kabla ya daftari kufungwa. Kujiandikisha vituo viwili ni kosa. Kwa hiyo mzee asemaye, "Kijana aandikishwe nyumbani ili kura zetu zisipungue," achanganya mambo mawili, na kwa ajili ya kura moja amchelewesha kijana kupata mkate.

Na ofisi ikikataa? Kwanza mtu asigombane. Aulize kwa upole amekosa nini, akalete. Akiambiwa tena "nenda kwenu" bila sababu nyingine, basi aombe sababu hiyo kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba chasema kwamba mtu ana haki ya kutendewa na ofisi za serikali kwa haraka, kwa sheria na kwa haki, na kwamba uamuzi ukimdhuru ana haki ya kupewa sababu zilizoandikwa. Nimeona mara kadhaa kwamba sababu iliyokuwa na nguvu mdomoni hulegea sana inapotakiwa kuandikwa na kutiwa sahihi. Ikiandikwa, huo ni mwanzo wa rufaa, na iko Tume iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011 kupokea malalamiko ya wananchi juu ya utawala. Kupeleka malalamiko huko hakuhitaji wakili.

Sasa nafikia upande wa chama chenyewe. Chama chetu kimezoea kumjua mwanachama katika siku mbili: siku ya kulipa ada na siku ya msiba. Ndiyo maana tukiombwa na mwanachama barua ya kumshuhudia mwanawe, Bwana Katibu huanza kuulizauliza kama karani wa serikali, "Huyu ni nani, alizaliwa wapi?" Tunamlaumu chifu kwa kutotujua na sisi wenyewe hatujuani. Chifu wa mjini hawezi kukumbuka jamaa elfu kadhaa. Sisi ni jamaa chache, na kazi hiyo twaiweza.

Kwa hiyo nimeiomba Halmashauri, nayo imekubali, kwamba chama kiwe na kitabu cha watoto wa wanachama. Ndani yake kila jamaa itapewa ukurasa mmoja: majina ya wazazi kama yalivyo katika vitambulisho vyao, kijiji cha nyumbani na mtaa wa hapa, majina ya watoto herufi kwa herufi kama yalivyo katika vyeti vya kuzaliwa, shule walizosoma, na majina ya wazee wawili wa chama wawajuao kwa sura. Barua ya chama haina nguvu ya cheti, na tusimdanganye mtu kwamba inayo. Lakini mzee wa mtaa akiletewa kijana pamoja na barua, na wazee wawili waliovaa vizuri wamesimama mlangoni kusema, "Huyu twamjua, babake yuko bandarini na babu yake alitoka Mbale," atakuwa na mahali pa kusimamisha sahihi yake. Vilevile tumewaandikia wenzetu wa tawi la nyumbani wafanye hivyo hivyo upande wao, ili aendaye huko asipokelewe kama mgeni.

Wajane wamepewa zamu ya kwanza. Wako sita katika faili, na akina mama watatu wa Kamati ya Wanawake wamejitolea kuwasindikiza, kwa kuwa mama mzee husema kwa urahisi zaidi habari za ndoa yake mbele ya mwanamke mwenzake. Nauli zao zitatoka katika mfuko wa msaada, si katika mfuko wa mazishi. Bwana Mweka Hazina amenihakikishia hivyo, naye yupo hapa asikie nikisema mbele ya mashahidi.

Kitabu chenyewe kimekwisha kupigwa mistari, nacho kiko juu ya meza ya Bwana Katibu karibu na mlango. Wenye watoto watakaotimiza miaka 18 kabla ya mkutano ujao waandikwe leo kabla ya chai, na wasio na vyeti vya kuzaliwa mkononi waje navyo Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, mahali pa siku zote.